Redio Anashika Tena Kikule

Jina la Redio alipewa na baba yake, kwa sababu tangu alipoanza kusema mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Aliamka anasema, alikula anasema, na kitandani alisema mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Kwa hiyo mwaka ule alipoacha kusema, nyumba nzima iliingiwa na hofu.

Ulikuwa mwaka waliohamia ng'ambo. Baba yake, fundi wa kuchomelea mabomba, alipata mkataba kwenye karakana ya meli katika nchi ya mbali, na mama yake akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini katika mji huohuo. Redio alikuwa hajatimiza miaka minne. Mdogo wake wa kiume alizaliwa hukohuko. Walipanga ghorofa ya juu kabisa ya jengo lenye ngazi za mbao zilizolia kila ulipokanyaga, na kila asubuhi mama alipokwenda kazini watoto waliachwa kwa mjane wa ghorofa iliyo chini yao, mwanamke mwenye mikono minene na aproni isiyovuliwa, aliyelea watoto wa jirani kwa kazi. Jina lake halisi liliwashinda kulitamka. Wakamwita Bibi wa Chini, naye akalizoea.

Miezi ya mwanzo Redio alikaa kwenye mkeka wa Bibi wa Chini kimya kama maji mtungini, macho yake yakiruka kutoka mdomo wa mtoto mmoja hadi wa mwingine. Hata nyumbani maneno yalipungua.

"Nimemharibu mwanangu," mama alimwambia baba. "Nimemleta mahali pasipo na mtu wa kusema naye, sasa kinywa kimefunga."

Kisha mchana mmoja, mama alipofika kuwachukua, mtoto mwingine alinyakua kofia ya Redio na kukimbilia nayo nyuma ya mlango. Redio alifungua kinywa, ikatoka sentensi nzima ya lugha ile, ndefu, kali, yenye matusi ya kitoto ndani yake, bila kukwama hata mahali pamoja. Bibi wa Chini akaangusha kijiko. Mama hakuambulia hata neno, lakini aliruka pale mlangoni akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna harusi ya nani.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzima. Baba alisema kwa kuwa sisi tuna lugha yetu, na ile ni lugha ya kule, basi itaitwa Kikule. Redio akawa mkalimani wa familia. Alikalimani kwa daktari wa meno, alikalimani sokoni, alikalimani hata kwa mwenye nyumba. Siku moja bomba la jikoni lilikuwa linavuja, mama amechoka kusubiri, akamwambia, "Mwambie bomba linavuja tangu mwezi jana, na kama hana haya aniambie." Redio akamgeukia yule mzee na kumwambia kwa Kikule, kwa upole wa mtoto wa miaka sita, "Mama anauliza kama wewe unaona haya." Mwenye nyumba akawa mwekundu kama nyanya. Alasiri ileile alirudi na spana.

Mkataba wa baba ulipokwisha, walirudi nyumbani. Redio alikuwa na miaka minane na mapengo mawili mbele, mdogo wake ana minne. Shuleni wenzake walimcheka. Herufi zake za "r" zilitoka kooni, na alipochanganyikiwa alikuwa anajibu kwa Kikule bila kujua. Mtoto anataka kufanana na wenzake kuliko anavyotaka chakula. Alifanya bidii akasema kama wao, akacheka kama wao. Kikule kikabaki cha chini ya kitanda, pale yeye na mdogo wake walipojificha kupanga siri zao. Likizo moja wakagombana humohumo chini ya kitanda, Redio akatukana kwa Kikule, mdogo wake akamjibu kwa lugha ya nyumbani, na kesho yake wote wawili wakagombana kwa lugha ya nyumbani. Ndivyo ilivyokwisha. Hakuna aliyetangaza.

Bibi wa Chini alipiga simu. Redio alikuwa amefika miaka kumi hivi. Aliipokonya simu mkononi mwa mama kwa furaha, akaisikia ile sauti nzito, akaijua mara moja. Lakini maneno yalimpita kama maji yanavyopita juu ya jiwe. Alitaka kusema kitu chochote, hata "ndiyo". Alilitafuta neno la "ndiyo", halikuwepo. Akaiweka simu mezani taratibu, akakimbilia bafuni na kujifungia. Bibi wa Chini alipiga tena mara mbili tatu, na kila mara Redio alijitia amelala. Baadaye familia ya Redio ikahama, namba yao ikabadilika, na habari zikakatika.

Redio akakua. Baba alifariki, mdogo wake akafungua kibanda cha kinyozi, naye Redio akaajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, akaanza kwa kupanga trei, akapanda mpaka akawa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Aliolewa na dereva wa gari la mikate, mtu mkimya aliyesema alioa redio ili asinunue nyingine. Ukimuuliza Redio kama anajua lugha ya ng'ambo, alikuwa anajibu, "Nilijua, ikanitoka yote. Hata neno la maji sina." Na alikuwa anasema kweli, au ndivyo alivyoamini.

Hadi lilipokuja tanuri jipya.

Kiwanda kilinunua tanuri refu la mkanda, linalopokea donge upande huu na kutoa mkate upande ule, kutoka nchi ileile waliyokaa wakati ule. Likaja na fundi wake, mzee mwembamba aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni, na mkalimani wa kukodi. Siku ya tatu mkalimani aliamka na homa, hakuja. Fundi akaamua kuendelea na kazi kwa ishara. Wafanyakazi walimzunguka, Redio akiwa mbele kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Fundi aliinama kukaza nati chini ya mkanda, spana ikateleza, kidole gumba kikagonga chuma. Akaruka, akakipuliza kidole, akapiga ukelele wa maneno mawili.

Redio akaangua kicheko.

Si cha adabu hata kidogo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wenzake walimtazama kwa mshangao, kwa sababu mzee wa watu ameumia na msimamizi anacheka.

"Wewe vipi?" mwenzake mmoja alimnong'oneza. Huyu alikuwa mwendesha mkanda, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya paji lake pana la uso. "Mtu kaumia, unacheka?"

"Hukusikia alichosema?"

"Nimesikia makelele."

"Amesema 'mavi ya bata'!" Redio alisema, na palepale kicheko kikamkauka. Aliweka mkono mdomoni. Alijiona kama mtu aliyeona mzimu mchana kweupe. Nimejuaje?

Fundi naye alikuwa ameacha kupuliza kidole. Alimkazia macho, akasema jambo refu, haraka haraka. Redio hakuambulia kitu. Ilikuwa kama redio iliyokosa stesheni, sauti inapanda na kushuka tu. Akatikisa kichwa. Lakini alitaka kumwonyesha kwamba hakuwa anamdhihaki, basi akayarudia yale maneno mawili, polepole, akinyoosha kidole kuonyesha gumba lililoumia.

Mzee alikaa chini sakafuni. Alikaa tu, kwenye unga uliomwagika. Kwa sababu ile sauti iliyomo katika neno la pili, ile ya kupuliza ulimi ukiwa umeegemea meno ya juu, ndiyo sauti inayowashinda wageni wote wanaojifunza Kikule, hata waliokaa kule maisha yao yote. Na huyu mwanamke mwenye kofia ya plastiki kichwani ameitoa safi, kama mtoto wa mtaani kwao.

Wiki ile Redio hakulala vizuri kwa msisimko. Fundi alianza kumwonyesha vitu na kuvitaja: mkanda, moto, mlango, bisibisi. Profesa naye akaomba afundishwe. Profesa si mtu wa mzaha. Aliandika, alirudia, alijihoji njiani. Lakini neno ambalo Profesa alilipigania siku nzima, Redio alilisikia mara moja likakaa, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Si maneno yote. "Bisibisi" ilimchukua muda kama kila mtu, kwa sababu alipokuwa mtoto hakuna aliyempa bisibisi. Bali "kijiko", "soksi", "konokono", "panda juu", "usivute nywele", hayo yalitoka yenyewe, moja likimvuta jingine mkono, na kila lilipotoka alipiga kelele kiwandani kote, "Soksi! Nimeipata soksi!" Wafanyakazi walizoea. Walikuwa wanamuuliza asubuhi, "Vipi, leo umeokota nini?"

Tatizo moja tu. Kikule chote kilichokuwa kinarudi kilikuwa cha mtoto. Mchana mmoja fundi alikaa kula huku mikono imejaa grisi, na Redio, bila kufikiri, akamnyooshea kidole na kusema kwa sauti ya kuimba, "Mikono michafu haigusi mkate, kabwela mdogo wewe!" Mzee wa miaka sitini na kitu aliinuka, akaenda bombani kimya kimya, akanawa. Alipokuwa anajifuta ndipo alipogundua ametii, akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani.

Siku ya kuzindua tanuri walikuja wakubwa wa kampuni iliyolitengeneza: mwanamke mmoja mrefu mwenye suti ya kijivu, aliyekuwa mkurugenzi, na wahandisi wake waliomfuata nyuma kwa mstari. Mkalimani alikuwa amepona na amevaa tai. Lakini meneja wa kiwanda alikuwa amesikia habari za Redio, na kichwa kilikuwa kimemvimba.

"Mkalimani wa nini?" alisema. "Sisi tuna mtu wetu mwenyewe! Redio, njoo uwakaribishe wageni."

"Bosi, mimi najua maneno ya chekechea."

"Salamu ni salamu. Njoo mama, usituaibishe."

Akasukumwa mbele. Watu wamepangwa safu mbili, sakafu imepigwa deki inang'aa, mwanamke wa suti ya kijivu anamtazama kwa tabasamu la kikazi. Redio alitafuta kichwani "karibuni". Hakuna. Alitafuta "tunafurahi". Hakuna. Jasho likamtiririka chini ya kofia. Kulikuwa na kitu kimoja tu mle ndani, kimesimama wima, kinasubiri, na kabla hajakizuia kikatoka kwa sauti kubwa, na kwa wimbo:

"Mmeamkaje, vifaranga wangu? Mikono juu! Mikono chini! Sasa tukae mkekani!"

Ndiyo salamu ambayo Bibi wa Chini aliwaimbia kila asubuhi. Redio alifumba macho. Alitamani tanuri limmeze.

Halafu akasikia sauti ya mwanamke ikijibu, nayo ikiimba: "Tumeamka, mama kuku, tuna njaa!" Alifumbua macho. Mkurugenzi alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko. Akaishusha. Nyuma yake wahandisi, watu wazima wenye ndevu, nao wakainua na kushusha. Kumbe kule hakuna mtoto aliyekua bila kuimbiwa hayo. Wafanyakazi wa kiwanda, kwa kutojua, wakadhani ndiyo itifaki ya nchi ya wageni, wakainua mikono wote. Meneja alikuwa wa mwisho, na aliinua juu kuliko wote.

Mkurugenzi alimshika Redio mabega, macho yamemlowa kwa kicheko. Mkalimani alitafsiri, maana maneno yalikuwa ya kikubwa: "Anasema hajaimbiwa hivyo tangu mama yake afariki. Anauliza nani alikufundisha."

Redio alijibu, "Bibi wa Chini."

Jioni hiyo hakupita nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta anakunja nguo kitandani.

"Shikamoo mama. Namba ya Bibi wa Chini unayo?"

"Marahaba. Namba ya nani?"

"Ya Bibi wa Chini, mama. Ipo mahali?"

Mama aliendelea kukunja. "Ipo hapa," alisema, akajigonga kipaji. "Nimeipiga kila siku ya kazi muda wote tuliokaa kule, kwenye simu ya ukutani pale nje ya chumba cha kufulia. Itanitokaje? Kikule chote nilichojua kilikuwa neno moja. 'Wamekula?' Naye ananijibu, 'Wamekula.' Naweka simu, narudi kwenye mashuka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, mimi na yule mama."

"Basi itaje!"

"Saa hizi? Baada ya miaka yote hii? Pengine mwenzetu hayupo tena duniani."

"Mama, itaje kabla sijapasuka!"

Mama akaitaja, tarakimu moja baada ya nyingine kwa mwendo wa mtu anayesoma. Redio akabonyeza, akitanguliza namba ya nchi. Ikaita. Iliita sana, wakaanza kutazamana. Ikapokewa na sauti ya kijana wa kiume.

Redio alijua namna moja tu ya kumwulizia mtu kwa Kikule. "Bibi anaweza kutoka tucheze?" alisema.

Upande wa pili yule kijana akacheka, akaita kwa nguvu, na zikasikika hatua za kuburuta. Sauti ikaja, nzito kama ilivyokuwa, imekwaruza kidogo.

"Nani huyo?"

Redio akajitaja. Bibi wa Chini akalirudia lile jina, jina la kuzaliwa ambalo hakuna aliyelitumia siku hizi, akilikosea kwenye silabi ileile aliyoikosea siku zote. Kisha wote wawili wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja, na mama kando anamvuta Redio shati, "Anasemaje? Anasemaje?"

"Anauliza kama meno yangu ya mbele yameota!"

"Mwambie yameota!"

"Yameota, Bibi! Yameota yote!"

Baada ya hapo walipigiana kila Jumapili. Bibi wa Chini hakufundisha. Alipiga soga tu, naye Redio alidaka. Kikule hakikurudi kwa mpangilio. Wiki nzima ingepita bila neno jipya, kisha Redio yuko sokoni anapima vitunguu, linamjia neno la "kitunguu", na la "machozi" nyuma yake, na ghafla sentensi nzima ambayo Bibi alizoea kuisema akimenya, na muuza vitunguu anamwona mteja anaruka ruka peke yake. Maneno ya mkataba, ya umeme, ya mshahara, ilibidi ayasome upya kama mgeni yeyote. Lakini aliyasoma kwa kinywa ambacho tayari kilijua njia.

Mdogo wake ndiye aliyebisha. "Mimi usinihesabu," alisema kibandani kwake, huku ananoa wembe. "Nilirudi nina miaka minne. Sina hata herufi."

"Jaribu tu. Salimia."

Alijaribu. Bibi wa Chini, simu ya Redio ikiwa kwenye kipaza sauti, alimwimbia, alimtania, alimtajia vyakula. Kinyozi alibaki amekodoa macho. Hakuna kilichorudi, hata kile cha mikono juu. Redio aliona jinsi mdogo wake alivyojifanya hajali, na jinsi alivyouma mdomo.

Ndipo Bibi wa Chini akafanya jambo. Katika Kikule neno la "nyuki" na neno la "daraja" yanapishana kwa sauti moja tu katikati, na kwa masikio ya watu wa kwetu ni neno lilelile. Redio mwenyewe ilimchukua wiki kadhaa kuyatenganisha vizuri. Bibi akayataja yote mawili na maana ya kila moja, kisha akasema, "Nitataja moja. Mtoto aniambie ni lipi." Redio akatafsiri, akawaambia wateja waliokuwa wanasubiri kunyolewa kwamba wao pia wasikilize. Bibi akataja.

"Nyuki," wateja wakasema.

"Daraja," akasema kinyozi.

"Daraja," Bibi akathibitisha. Akataja tena.

"Daraja," wateja wakasema, safari hii kwa uhakika.

"Hilo nyuki," kinyozi akasema. Ilikuwa nyuki.

Bibi akataja tena na tena, haraka, akichanganya ili amkoseshe, na kinyozi hakukosa hata moja. Wateja waliacha kubahatisha wakaanza kushangilia kama wako uwanjani. Aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

"Najuaje?" kinyozi alipaza sauti. "Dada, mimi sijui maneno haya! Najuaje?"

"Sikio lako lilikwenda shule bila wewe!" Redio alimwambia, na wakakumbatiana pale kwenye nywele zilizotapakaa. Maneno hayakumrudia kamwe, tuseme ukweli. Ilibidi ayajifunze moja moja kuanzia mwanzo, na mpaka leo hana mengi. Lakini akilisema neno, watu wa kule huuliza amezaliwa mtaa gani.

Yule mkurugenzi wa suti ya kijivu hakumsahau Redio. Kampuni yake ilikuwa inawafunza waendesha matanuri kule kwao, na msimu uliofuata Redio akaletewa mwaliko, yeye na Profesa. Siku za kwanza darasani Redio aliona giza. Watu walisema upesi, kikubwa, na yeye alikuwa bado na Kikule cha soksi. Lakini alikuwa ndani ya Kikule chenyewe sasa, kinatoka madukani, kinatoka madirishani, watoto wanakipigia kelele viwanjani. Asubuhi moja alikuwa amepanga foleni kwenye duka la matunda, wanawake wawili mbele yake wanamsema mkwe wao, na Redio akashtuka amekwisha kumchukia yule mkwe. Alikuwa ameelewa kila neno, na hakuona lilipoanzia.

Jumapili alipanda zile ngazi za mbao. Bibi wa Chini alikuwa amepungua, mikono minene imekuwa myembamba, aproni ileile ya kufunga nyuma. Walikaa jikoni, wakampigia mama kwa simu ya video. Wanawake wawili waliolea watoto walewale wakatazamana usoni, wote wana mvi. Mama alikuwa amejifunga kilemba kipya.

"Mwambie nina swali," mama alisema. "Nimelibeba miaka mingi. Mwambie kuna siku ya mvua kubwa, miezi ile ya mwanzo ulipokuwa husemi, gari la kazini liliharibika, nikachelewa kuwachukua. Nilitembea. Nilipofika alifungua mlango akanifokea. Alinifokea kweli, ameninyooshea kidole, mpaka mate yanamtoka. Nikawachukua watoto nikapanda juu, sikula, nililia. Nilimwogopa tangu siku hiyo. Muulize nilimkosea nini. Nimwombe radhi."

Redio akatafsiri. Bibi wa Chini alisikiliza, kipaji kimekunjamana, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilimwambia: umelowa mpaka mifupani, utakufa! Ingia ndani, vua viatu, supu iko jikoni, hakuna kupanda ngazi kabla hujala! Naye akawabeba watoto akakimbia. Nikajua hataki chakula changu. Nilikaa na lile sufuria nikalia."

Redio alianza kutafsiri, akashindwa, akaanza tena. Kwenye simu alimwona mama akisikiliza, akiweka mkono kifuani, kisha mdomoni.

"Supu?" mama alisema.

"Supu, mama."

"Alikuwa ananiita nile?"

"Alikuwa anakulazimisha ule."

Mama aliangusha kichwa nyuma akacheka, kicheko cha kupaa ambacho Redio hakuwahi kukisikia tangu baba afariki, na Bibi wa Chini akacheka kabla hata ya kutafsiriwa. "Mwambie nakuja kuila!" mama alisema, akijifuta macho kwa pindo la kilemba. "Mwambie aipashe moto!"

Redio aliporudi nyumbani, tanuri lilikuwa linatoa mikate kama kawaida na Profesa alikuwa ameshawaeleza wenzake kila kitu kwa mpangilio mzuri. Jambo lililomshangaza lilikuwa kwa mama. Mwanamke aliyekaa ng'ambo miaka yote ile na neno moja, sasa kwa umri huu, amejitia darasani. Anamfuata kinyozi kibandani, anakaa kiti cha wateja, anataka arekebishwe. Matamshi yake ni ya kutisha. Nyuki na daraja kwake havina tofauti na havitakuwa nayo. Hajali hata kidogo. Anasema kwa sauti kubwa, akidhani sauti inasaidia.

Jumapili iliyopita Redio alifika kwa mama kama kawaida ili wampigie Bibi wa Chini pamoja. Alikuta simu imeegemezwa kwenye birika na wanawake wawili wameshaanza bila yeye, Kikule cha mama kikienda kwa kuchechemea, Bibi wa Chini akimsubiri, akimmalizia, wote wawili wakigombana kuhusu namna ya kutoa doa la damu kwenye shuka. Redio akavuta kiti, akafungua mdomo ili amsaidie mama neno lililokuwa limemkwama.

Mama alimnyamazisha kwa mkono, bila kugeuka.

"Hebu kwanza," alisema. "Naongea na mwenzangu."